Povu

Maji ya Chikanga yana chumvi.
Hilo halihitaji maabara: gusisha ulimi,
au tazama sufuria za Sechelela,
zilivyovaa kanzu nyeupe hadi shingoni.
Maharage humo huiva kesho.
Sabuni humo haitoi povu,
inakatika tu, kama maziwa ya jana.

Ndipo wakaja watu wa sabuni.

Walikuja Julai, mwezi wa upepo,
magari matatu na hema,
katoni themanini za Zelvia yenye harufu ya limau
na bango refu kuliko darasa la tatu.
Mimi, mwalimu wa sayansi na wa afya,
nilipewa tisheti, kofia na kazi:
kutafsiri.

"Mbukwenyi," nikaanza, watu wakaitika.
Mgeni akasema neno lake,
binti wa Dar es Salaam akaligeuza Kiswahili:
uwajibikaji.
Nikalishika kama yai la kanga.
Ndani yake nilisikia wajibu,
ndani zaidi, jibu,
na Kigogo changu kikakosa pa kulitua.
Nikasema: wamekuja kujibu.
Vigelegele.
Kisha Sechelela akasimama, beseni kwapani:
"Kama wamekuja kujibu, sisi tulishauliza.
Malenga yako wapi?"

Malenga. Kwetu ndiyo maji.
Binti akatabasamu, akaandika daftarini:
wanaomba mshairi.
Nilimsahihisha.
Akafuta, akaandika:
changamoto.

Ikafika saa ya picha.
Nyemo wa darasa la nne akaitwa mbele,
akasugua, akasugua,
mikono ikabaki na utandu wa kijivu.
Mpiga picha akashusha kamera.
Wakanong'onezana kwa lugha yao,
halafu dereva akatumwa garini,
akarudi na chupa sita za maji ya kunywa,
baridi, zinatoka jasho.

Chupa ya kwanza: povu.
Ya pili: povu hadi viwiko,
jeupe, limetuna,
kama mawingu tuliyoyaona mara ya mwisho Aprili.
Tulisimama juani, shule nzima na wazazi,
tukimeza mate,
tukitazama maji ya kunywa yakimnawisha mtoto mmoja.
Bila kuambiwa, Sechelela akapiga magoti,
akatinga beseni chini ya ile mikono.

Kwenye kalenda yao hayumo. Walimkata.
Umebaki ukingo wa beseni, wa bluu,
ukiangalia vizuri.

Nilisaini. Niseme na hilo.
Watoto mia nne na kumi na wawili wamefikiwa,
posho elfu thelathini, sahihi hapa na hapa.
Nilinunua chaki, na soda moja
niliyoinywa nyuma ya duka, peke yangu, haraka.
Kwa hiyo mkinitaka niwatolee povu wale wageni,
sina maji ya kutosha.
Na sabuni yenyewe ilikuwa sabuni, nzuri,
haikudanganya mtu.
Katoni sabini na tisa nikazifungia stoo,
chini ya ramani ya dunia iliyoliwa na mchwa
kuanzia Ulaya.

Mwisho wa Novemba, kipindi cha pili,
mvua ikapiga bati kama mtu anayedai chake.
Nikafungua stoo.
Sikusema kitu, wala sikuwahi:
watoto walishatoka na vikombe, makopo, kifuniko cha debe.
Nyemo aliosha mikono, akaosha kichwa,
akaosha mbuzi wa mwalimu mkuu
aliyekuja kujikinga mvua.
Povu likafuata mtaro,
likakatiza uwanja wa mpira,
likapita chini ya bango lililoanza kubabuka,
likaenda zake kuelekea reli
lenye harufu ya limau.
Hapakuwa na wa kupiga picha.

Sechelela tu hakuchukua sabuni.
Aliweka beseni chini ya mchirizi wa bati,
akangoja lijae,
akachovya kidole, akaonja,
akachovya tena.

"Leo," akasema, akijitwisha,
"maharage yataiva leo."